Pini ya Swingamu Ikigoma

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu kipande cha chuma ambacho mwenye pikipiki anaweza kukikalia miaka kumi asikione hata siku moja. Ni pini ya swingamu, ile bolti ndefu inayopita nyuma ya injini kutoka ubavu mmoja wa fremu hadi wa pili, ikiushikilia mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma. Pikipiki ikiwa mpya, pini hiyo huchomoka kwa kusukumwa na kidole. Ikishakula mvua, vumbi na maji ya kuoshea mwaka baada ya mwaka, huweza kuigomea nyundo ya kilo mbili, na gereji nzima ikasimamisha kazi kuitazama.

Hapo ndipo hasara huanza. Pini yenyewe ni kitu cha bei ndogo, na kwa pikipiki zilizozoeleka haikosekani kwenye maduka ya spea. Fremu ni habari nyingine. Kwenye shingo yake, pale usukani unapofungwa, imegongwa namba ya chesisi, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Fremu ikipinda, au masikio yake yanayoishika pini yakichanika, mwenye chombo ameingia kwenye mambo ya kuchomelea, ya gurudumu lisilonyooka, na pengine ya kutafuta fremu nyingine kisha kwenda kujieleza kwa nini namba hazilingani. Kwa hiyo kabla nyundo haijanyanyuliwa, jambo moja liwe limeshaamuliwa: fremu inaokolewa, pini inaruhusiwa kufa.

Swingamu, ule mkono wa chuma unaoshikiliwa na pini, haikuwapo tangu mwanzo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pikipiki nyingi zilifungwa gurudumu la nyuma moja kwa moja kwenye fremu, na kila shimo la barabarani lilimfikia dereva kiunoni. Baada ya vita mambo yakabadilika upesi. Mwaka 1950 kampuni ya Norton ya Uingereza iliingia mashindanoni na fremu iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, yenye swingamu na shokapu mbili nyuma, na mwaka huohuo Geoff Duke akashinda nayo mbio kubwa za Senior TT kwenye kisiwa cha Man. Mpango huo ukaenea viwandani, ukafika hadi kwenye pikipiki ndogo za kazi.

Miongoni mwa hizo ndogo, Honda CG125 ina heshima yake. Ilitoka mwaka 1976, ikikusudiwa nchi ambako pikipiki ni chombo cha kutafutia riziki na matunzo ni ya kubahatisha. Wahandisi waliacha mpango wa cheni ya kuendesha vali juu ya injini, wakaweka fimbo za kusukuma, ili istahimili oili isiyobadilishwa kwa wakati. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo, na ndugu zake wamejaa kwenye vijiwe vya bodaboda vya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, na bodaboda zikamiminika. Zilizonunuliwa wakati ule na zingali barabarani zimeshavuka miaka 15. Injini zimefunguliwa na kufungwa, pistoni zimebadilishwa, matairi hayahesabiki. Pini ya swingamu, aghalabu, ingali palepale ilipowekwa kiwandani.

Imesahaulika kwa sababu haijitangazi.

Pikipiki nyingi ndogo hutumia bushi za mpira: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na mpira ulioshikamana nayo yote mawili katikati. Nati ya pini ikikazwa, bomba la ndani hubanwa kati ya masikio ya fremu, lisizunguke kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira. Hivyo pini inaweza kuungana na bomba lake kwa kutu, vikawa kitu kimoja, na pikipiki ikaendelea kutembea vilevile, haipigi kelele wala haiyumbi. Hata zile zenye bushi za shaba au beringi za sindano, mara nyingi pini hupita ndani ya bomba lililobanwa, na mzunguko hutokea nje ya bomba hilo. Dereva hana njia ya kujua. Anayekuja kujua ni fundi, siku anapotaka kutoa bushi zilizochoka.

Kutu nayo ina hila yake. Huhitaji chuma, maji na oksijeni, basi. Chumvi ikiongezeka kwenye maji, umeme mdogo unaolisha kutu hupita kwa urahisi zaidi, na kazi huenda mbio. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Kati ya pini na bomba lake, nafasi iliyoachwa kiwandani ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kutu ikizaliwa mle haina pa kwenda, inakandamiza pande zote, na pini inabanwa pande zote kwa urefu wake wote.

Watu wa mwambao wanaufahamu mchezo huu kuliko wa bara. Pikipiki inayobeba samaki wa barafu kutoka Soko la Feri jijini Dar es Salaam hudondokewa na maji ya chumvi nyuma ya kiti kila alfajiri, na maji hayo huteremka mpaka kwenye swingamu. Unguja, Tanga na Mombasa, hata pikipiki isiyobeba samaki hulala kwenye hewa ya bahari. Kisha huja mashine ya kuoshea yenye msukumo mkali: mwoshaji huelekeza maji kwenye matope ya nyuma ya injini, na maji yakapenya pembeni mwa bushi mahali ambapo mvua isingefika. Pikipiki inarudi kijiweni inang'aa, na ndani ya lile bomba kuna unyevu usiokauka.

Basi pini imegoma. Fundi anayejua kazi hafanyi nini kwanza? Hapigi.

Kwanza husimamisha pikipiki imara kwa kuiegemeza chini ya injini, kwa sababu dabo standi pekee itayumba kila spana inapovutwa. Hutoa gurudumu, cheni, shokapu, na egzosi ikiwa imekaa mbele ya kichwa cha pini. Husugua kwa brashi ya waya pande zote mbili mpaka chuma kionekane, maana mafuta hayapiti kwenye tope lililokauka. Halafu hutia mafuta ya kufungulia kutu sehemu nne: kwenye kichwa, kwenye nyuzi za nati, na kwenye ile nafasi nyembamba kati ya sikio la fremu na swingamu, kulia na kushoto. Baada ya hapo huiacha. Asubuhi hutia tena, jioni tena, na kila mara hugonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo, polepole, ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia.

Kuhusu mafuta hayo, ipo imani kwamba kila kopo la kupulizia linafaa sawa. WD-40, kopo lijulikanalo pengine kuliko yote, lilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye kombora la Atlas. Kufukuza maji inafukuza vizuri. Ila kwa pini iliyoungana na bomba kwa miaka kumi, mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu hufika mbali zaidi, na palipokosekana mafuta hayo, fundi wa mtaani hutumia mafuta ya taa au dizeli na kuongeza siku za kungoja. Siku hizo ndizo zinazofanya kazi. Mwenye pikipiki anayemhimiza fundi amalize leoleo anamsukuma kwenye nyundo.

Hatua ya pili ni kuzungusha. Kutu huvunjika kwa urahisi zaidi ikisagwa kuliko ikisukumwa, kwa hiyo kichwa cha pini huwekewa boksi spana yenye mkono mrefu na kupindwa kidogo mbele, kidogo nyuma. Na hapa kuna mtego uliokwisha kuwadanganya mafundi wengi. Pini inasogea! Fundi anafurahi, anaendelea kupinda nusu saa nzima, na haitoki. Kilichokuwa kikisogea ni mpira wa bushi, ukijipinda pamoja na pini na bomba lake. Kipimo chake ni rahisi: chora mstari wa chaki kutoka kwenye kichwa cha pini hadi kwenye sikio la fremu, pinda, kisha achia spana. Mstari ukirudi palepale, mpira ndio uliokuwa ukicheza na kutu haijaachia hata punje. Mstari ukibaki umepishana, pini imeanza kutengana na bomba, na mafuta yaongezwe papo hapo.

Ikishindikana, huja moto. Chuma kikipashwa joto hutanuka, lakini kwa kiasi kidogo sana: tundu la milimita 16 linaloishika pini, likipandishiwa joto nyuzi 200 za Selsiasi, hutanuka takriban sehemu 4 za mia moja za milimita, karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Udogo huo hutosha kuvunja kutu, mradi moto uelekezwe kwenye kilichoizunguka pini. Pini yenyewe ikipashwa moto nayo hunenepa, ikajibana zaidi. Fundi mzuri hupasha, huacha ipoe, hutia mafuta, hupasha tena. Kule kutanuka na kunywea kwa zamu ndiko kunakolegeza.

Moto una masharti yake. Tangi la petroli litoke kabisa na lipelekwe mbali, kabureta nayo ifungwe isivuje. Shokapu isikaribiwe na mwali, kwa kuwa ina mafuta na pengine gesi iliyobanwa ndani. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisiwe zimepulizwa mahali pale, maana zikikutana na moto hutoa fosgeni, gesi yenye sumu kali ya mapafu. Bushi za mpira zitaungua na kutoa moshi mbaya, na anayewasha moto awe ameshakubali kwamba bushi hizo zimekwisha. Zaidi ya yote, aangalie kama kuna alumini karibu. Kwenye pikipiki nyingi za mashindano ya matope, pini hupita pia ndani ya kasha la injini, ambalo ni alumini. Alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660 na haibadiliki rangi kwanza kama chuma kinavyoiva. Inaonekana nzima, kisha ghafla inaporomoka. Pikipiki za aina hiyo hupashwa kwa bomba la hewa ya moto, mwali wa gesi ukae mbali. Tena chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga mweupe unaotoka hubana pini vilevile kama kutu nyekundu.

Sasa nyundo. Ina nafasi yake, na nafasi hiyo ina adabu. Nati haitolewi yote; huachwa hadi uso wake ulingane na ncha ya pini, ili nyuzi zisipondeke. Kati ya nyundo na pini huwekwa kipande cha shaba au chuma laini. Upande wa pili, sikio la fremu huegemezwa kwenye kipande cha bomba nene kilichosimama imara, ili pigo lisambae na sikio lisifunguke nje. Na nyundo iwe nzito. Nyundo ndogo inayopigwa kwa hasira huponda ncha ya pini tu, ncha ikapanuka mithili ya uyoga, na pini iliyokuwa haitoki kwa sababu ya kutu sasa haitoki kwa sababu ya kichwa kipya ilichofanyiziwa gerejini. Mapigo machache mazito ya nyundo ya kilo mbili hueleza ukweli wote. Kama pini haijasogea, haitasogea kwa mapigo hamsini.

Baadhi ya gereji huwa na dawa ya upole zaidi: jeki ya gari iliyofungwa ndani ya fremu ndogo ya vyuma vya kuchomelea. Upande mmoja wa kifaa hicho hushika sikio la fremu, jeki husukuma ncha ya pini, na bomba fupi upande wa pili huipa pini mahali pa kutokea. Siri yake ni kwamba nguvu yote inazunguka ndani ya kifaa. Jeki iliyoegemezwa ukutani, na pikipiki ikafungwa kamba kwenye nguzo, hupeleka nguvu hiyohiyo kwenye fremu, na fremu ikapinda kabla pini haijatoka.

Hayo yote yakigonga mwamba, fundi hurudi kwenye uamuzi wa mwanzo. Pini inakatwa.

Hii ndiyo njia ambayo wengi huiona ya kushindwa, na ukweli ni kwamba kwa pikipiki za bushi za mpira ndiyo iliyo salama kuliko kupiga. Kati ya sikio la fremu na swingamu kuna upenyo mdogo, wenye washa au kifuniko cha vumbi. Kifuniko hicho kikiondolewa, huonekana ukingo wa bomba la bushi, wa kahawia kwa kutu, na pini imo ndani yake. Wembe wa msumeno wa chuma una unene unaozidi kidogo nusu milimita, nao hupita. Fundi huutoa kwenye mpini wake, huufunga kitambaa upande mmoja, na kukata kwa mkono, wembe ukilala sambamba na sikio. Wembe wenye meno 24 au 32 kwa inchi ndio unaofaa. Wenye meno makubwa hung'ang'ania ukingo wa bomba na kukatika. Matone ya mafuta hupoza chuma na kuondoa unga. Kwanza hukatwa bomba, kisha pini yenyewe, na sauti hubadilika pale wembe unapogusa pini kwa kuwa chuma chake ni kigumu zaidi. Kazi ni ya subira: wembe mmoja huweza kwisha kabla ya upande mmoja kukatika. Kisha upande wa pili.

Wapo wanaotumia grainda yenye diski nyembamba ya milimita moja. Huenda haraka, ila duara la diski ni kubwa na upenyo ni mdogo, na kule kupeleka mkono kidogo tu kando kunaacha mkato kwenye sikio la fremu. Mkato huo baadaye ndio unaozaa ufa. Pale msumeno unapopita, msumeno utumike.

Pande zote zikikatika, swingamu huanguka chini na kipande kirefu cha pini kikiwa ndani yake. Kwenye masikio ya fremu hubaki vipande viwili vifupi. Hivyo vinashikwa na eneo dogo tu la kutu, na pigo moja au mawili ya panchi huvitoa. Swingamu sasa iko mikononi. Hufungwa kwenye jiliwa au hupelekwa kwa fundi mwenye presi, ambaye husukuma nje bushi, bomba na pini kwa pamoja. Fremu haijaguswa.

Kurudisha kuna mambo yake, na ndiyo yanayoamua kama kazi hii itarudiwa. Matundu ya fremu husuguliwa kwa msasa mpaka yang'ae. Pini mpya huviringishwa juu ya kioo. Ikiruka-ruka imepinda, irudishwe dukani. Mwili wake wote hupakwa grisi isiyooshwa na maji, tangu kichwani hadi kwenye nyuzi, ila mpira wa bushi usipakwe kwa sababu grisi ya petroli huuvimbisha. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na niple ya grisi kwenye swingamu, na mwenye pikipiki yoyote iliyo na niple hizo aidungie grisi kila huduma mpaka ya zamani itoke pembeni.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Pikipiki ya bushi za mpira haikazwi nati ya pini gurudumu likiwa linaning'inia. Ikikazwa hivyo, mpira hushikwa ukiwa kwenye hali ya kuning'inia, na pikipiki ikishushwa chini mpira unabaki umejipinda muda wote, hata ikiwa imeegeshwa. Hupasuka mapema. Nati huwekwa kwa mkono, shokapu na gurudumu vikafungwa, pikipiki ikasimama kwa magurudumu yake, mtu akaikalia, kisha nati ikakazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo.

Wenye bodaboda wanaosikiliza muda huu wana nafasi ya kuepuka yote yaliyoelezwa. Pikipiki ikiwa juu ya dabo standi, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, sukuma kulia na kushoto. Ukisikia mchezo karibu na injini, bushi zimechoka na dereva anabeba abiria juu ya gurudumu lisilojua liende wapi kwenye kona. Usipousikia, usifurahi upesi, kwa kuwa pini inaweza kuwa imegoma kimyakimya. Siku ya kubadilisha tairi la nyuma au sproketi, mwambie fundi achomoe na pini ya swingamu, aifute, aipake grisi na kuirudisha. Gurudumu tayari limetoka, spana ziko mkononi, na kwa pikipiki ndogo nyingi injini haiguswi. Wa mwambao na wenye kubeba samaki wafanye hivyo kila mwaka, kabla ya masika.